Saba Yangu na Kumi na Tatu ya Yunisi Mdogo

Mikumi,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utaitikia kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni, kwa hiyo nangoja kidogo kabla sijaendelea. Magoti yanasemaje? Na kile kikohozi cha asubuhi kimeisha, au umekizoea tu na kuacha kukitaja? Stefano aliniambia vitunguu vya shamba la chini vimeanza kulaza majani, basi nadhani barua hii itakukuta katikati ya kuvuna. Usiisome shambani. Isome ukiwa umekaa, umevaa miwani, na Yunisi mdogo awe amekwenda kucheza, maana ni habari zake ninazotaka tuzungumze. Nimeandika kwa herufi kubwa na nimeacha mstari mmoja mtupu kila baada ya mstari, kama unavyopenda.

Mimi ni mzima. Kazi inaendelea, bado niko kwenye stoo ya mashuka na taulo, na sasa wamenikabidhi na mapazia. Wageni wamekuwa wengi tangu mvua ipungue, kwa hiyo kufua hakuishi. Juma lililopita nyani waliingia nyuma ya jengo wakachukua foronya mbili kwenye kamba. Moja tuliipata juu ya mti, nyingine naona wameamua kuitumia. Nimeiandika kwenye kitabu cha stoo: "Foronya moja, nyani." Meneja alicheka, akaweka sahihi.

Insulini yangu inakaa kwenye friji ya jikoni. Mpishi wetu, Shabani, alinitafutia kopo lenye mfuniko, akalipanga kati ya siagi na maziwa, na juu yake akabandika karatasi: "Mali ya Dada wa Mashuka. Atakayepaka kwenye mkate shauri yake." Kila asubuhi ananiuliza kama nimeshachoma ndipo anipe uji. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba huku nakaa bila mtu wa kuniangalia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ningeweza kupiga simu, lakini mtandao wa huko unakatika kila tukifika penye maana, na tena nimejifunza kwamba kwenye simu mimi na wewe tunaweza kutaja jina moja huku kila mmoja ana mtu wake kichwani. Karatasi unaweza kuirudia. Ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa kenta anayekuja kuchukua vitunguu Lumuma, pamoja na bahasha ya vijiti vya kupimia sukari. Vihesabu mbele yake, viko hamsini.

Stefano alinipigia Alhamisi. Usimkasirikie mwanao, Mama, yeye ni baba wa mtoto na alikuwa na haki ya kusema. Aliniambia kwamba tangu mtoke hospitali Kilosa, asubuhi humchomi Yunisi mdogo uniti kumi na tatu kama ilivyoandikwa. Unavuta tisa, siku nyingine kumi. Aliniambia alipokuuliza ulimjibu hivi, na nimeyaandika maneno yako kama alivyoyasema: "Dada yako ni mtu mzima, ana mwili wake, anachoma saba. Huyu mtoto nimbebeshe kumi na tatu? Ugonjwa ni mmoja, jina ni moja. Mimi sitamuua mjukuu wangu kwa mkono wangu."

Sikukasirika. Niliona kwamba swali lako ni zuri, na kwamba katika sisi wote hakuna aliyewahi kukujibu. Wauguzi wanakupa namba, mimi nakuandikia namba, Stefano anakukumbusha namba, na wewe ndiye unayeshika sindano. Na najua unaogopa nini. Hujasahau siku ile sukari yake iliposhuka pale mashineni, akaanza kutetemeka na jasho kumtoka mbele ya watu, mpaka ukamsugulia sukari kwenye ufizi kwa kidole. Mtu aliyeona hivyo akapunguza dawa, hafanyi hivyo kwa ukaidi.

Lakini kabla sijakujibu, kuna kosa moja ambalo lazima niliseme, kwa sababu naona unalibeba wewe na si lako.

Unakumbuka nilipokuja Pasaka, madaftari yetu ya kliniki yalikuwa yamechakaa, langu na la Yunisi mdogo. Nikayafunika yote mawili kwa karatasi za kalenda ya mwaka uliopita, na juu ya kila moja nikaandika YUNISI kwa wino mweusi. Sikuandika jina la pili. Ndani, ukurasa wa kwanza, nikachora jedwali safi: asubuhi, jioni. Kwenye lake niliandika kumi na tatu na saba, kama tulivyoambiwa Kilosa nilipompeleka mwenyewe ile Jumatano. Kwenye langu niliandika saba na nne, kwa sababu huku Mikumi walikuwa wametoka kunipunguzia. Siku ya kuondoka gari lilikuwa linapiga honi barabarani, wewe unanifungia viazi, wifi ananiitia mlangoni, nami nikachukua daftari moja mezani nikatia kwenye mkoba. Nikachukua la mtoto.

Sikulifungua. Namba zangu nazijua kwa kichwa. Wewe ukabaki na langu, ukafungua ukurasa wa kwanza, ukakuta namba ndogo kwa mwandiko wangu, siku chache tu baada ya mimi kumpeleka mtoto kliniki. Mtu yeyote mwenye akili angesema dozi imebadilishwa. Ulifuata kilichoandikwa, kama ulivyotufundisha sisi tufuate.

Kisha ukanipigia. Nimerudi kwenye shajara yangu nikaukuta ukurasa wa Jumanne ile, na naunakili hapa bila kubadilisha neno: "Mama kapiga saa kumi alasiri. Simu inakatika. Amefurahi dozi ya Yunisi imeshuka. Nimemwambia tumshukuru Mungu. Viazi vimeisha."

Ulisema "dozi ya Yunisi", nami nikadhani unanisema mimi, kama unavyonisema mara nyingi ukiwa na furaha, kana kwamba siko pale. Ningeuliza "Yunisi yupi, Mama?" mambo yangeishia hapo. Ni maneno matatu tu. Badala yake nikaandika habari za viazi.

Tukakaa hivyo karibu majuma matatu. Akaanza kunywa maji mtungi mzima, kukojoa kitandani, kukonda, nawe ukadhani ni minyoo, kisha malaria. Mpaka asubuhi ile alipotapika na kuanza kupumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima mbio, Stefano akamfunga mgongoni kwa khanga ya wifi na kupanda naye bodaboda hadi Kilosa. Mimi nilijua nilipopokea simu yake akiwa wodini. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayejitahidi asilie mbele ya watu. Akasema, "Dada, nesi anauliza. Daftari hili linasema Yunisi ana miaka thelathini na sita."

Nilifungua droo. Lilikuwepo lile jingine, limefunikwa vizuri, kona zimekunjwa. Miaka minane.

Basi Mama, nataka lieleweke hivyo kwako na kwa Stefano na kwa wifi. Siku zile hukumchoma kidogo kwa kukosea. Ulimchoma dawa yangu, kwa maandishi yangu. Aliyelazimika kutundikiwa dripu siku tatu, alilazimika kwa sababu ya mkoba wangu na kalamu yangu. Nimeliandika hilo kwenye shajara na nimepiga mstari chini yake.

Sasa swali lako. Nililibeba Ijumaa mpaka kliniki ya sukari ninayohudhuria huku. Daktari wetu ni mama mmoja mfupi, anaongea haraka, na hupenda kufundisha foleni nzima kwa mpigo mmoja ili asirudie. Nikasimama nikauliza kama ulivyouliza: mimi nina kilo hamsini na nane na nachoma saba, mtoto wa kaka yangu ana kilo ishirini na tano na anachoma kumi na tatu, wote tumeambiwa ni kisukari aina ya kwanza, sasa nani amekosea?

Mzee mmoja mfugaji anayekaa benchi la mbele, yule ninayekutana naye kila mwezi, akageuka na fimbo yake. "Labda mtoto anapenda sindano kuliko wewe, mama wa mashuka." Watu wakacheka. Lakini daktari hakucheka. Alisema hakuna aliyekosea, akachukua karatasi ya dawa akaigeuza upande mtupu na kuanza kuchora.

Nitakueleza kama nilivyoelewa, kwa mambo ya shamba, maana ndiyo tunayoyajua wote wawili.

Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula. Ndani yake mna vishamba vidogo vidogo vingi vilivyotawanyika, na kazi ya vishamba hivyo ni kuzalisha insulini. Damu yetu nayo ina walinzi, chembe nyeupe, kazi yao kufukuza wadudu wa magonjwa. Katika ugonjwa wetu huu, walinzi wanaacha kulinda, wanageuka na kuanza kula shamba lenyewe. Hilo ulikwisha kulisikia, na ni kweli kwangu na kwa mtoto pia. Hapo tuko sawa.

Pale tusipokuwa sawa ni kwenye walinzi wenyewe, ni wa aina gani na wamekuja wangapi. Daktari alisema wapo wauaji, wale wanaoshambulia vishamba moja kwa moja. Na wapo wengine ambao kazi yao kubwa ni kuwaonyesha na kuwaita wenzao. Hao aliwaita wapiga debe. Kijana mmoja kwenye foleni, ambaye kweli ni mpiga debe pale stendi, akasema, "Daktari, sasa sisi tumeshakuwa ugonjwa?" Daktari akamjibu kwamba yeye akiita sana basi linajaa, na hawa wakiita sana kongosho linajaa, tofauti ni kwamba huko hakuna anayeshuka.

Wataalamu wamewahi kuangalia kwa hadubini kongosho za watu waliofariki muda mfupi baada ya kupata ugonjwa huu, wengine watoto wadogo, wengine wakubwa. Kwa watoto walioupata wakiwa wadogo sana, walikuta kwenye vile vishamba umati: wauaji wengi na wapiga debe wengi, wamesongamana pamoja, na vishamba vilivyobaki na insulini ni vichache mno. Kwa walioupata wakiwa wakubwa, walinzi waliogeuka walikuwa wachache, na hasa wale wapiga debe walikuwa haba, na vishamba vingi zaidi vilikuwa bado vimesimama. Ugonjwa una jina moja, lakini kwa mtoto unakuja kwa kishindo na kumaliza upesi, na kwa mtu mzima mara nyingi unakwenda taratibu, unakula leo, unapumzika, unakula tena.

Ndiyo maana, Mama, mwaka ule walinianzishia vidonge wakidhani ni kisukari cha kawaida cha ukubwani, na nikaishi na vidonge vile zaidi ya mwaka nikiwa nakonda tu na kulalamika. Vishamba vyangu vingine vilikuwa bado vinazaa. Yunisi mdogo ulimshika akiwa na miaka mitano. Kumbuka ilichukua muda gani tangu alipoanza kuomba maji hadi alipozimia. Mimi nimehesabu kwenye shajara: siku kumi na saba.

Na jibu la saba na kumi na tatu limo humo. Saba yangu si insulini yangu yote. Mwili wangu bado unatoa yake kidogo, na sindano inajazia pale palipopungua. Yeye mwili wake hautoi kitu cha kutegemea. Ile kumi na tatu ya asubuhi na saba ya jioni ndiyo yote aliyonayo kwa siku nzima, kwa kula, kukimbia, kukua na kulala. Ukivuta tisa, hakuna mahali pengine patakapotoa zile nne.

Yule mzee mfugaji alikuwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo. Daktari alipomaliza akasema, "Mbona hili ni jambo dogo. Zizini kwangu kuna ugonjwa unaoua ng'ombe mzima na ndama haumwumizi, na kuna unaoua ndama na mama yake anaendelea kula majani. Ukiniuliza ni ugonjwa gani nitakuuliza kwanza umeshika nani. Wewe unapima kwa kilo. Kilo ni za kuuzia." Kisha akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia anaitwa kama mimi, ni wajina wangu. Akatikisa kichwa akasema, "Hapo ndipo mlipopotelea."

Nimelifikiria sana neno lake njiani kurudi. Mlipompa mtoto jina langu nilifurahi kuliko nilivyowahi kusema, na mlipogundua ana kisukari na mimi baadaye nikapatikana nacho, najua wewe na akina mama wa kanisani mlisema wajina hufuatana. Hata mimi nilisema. Ilikuwa inanifariji kidogo, nikichoma sindano yangu huku, kufikiri kwamba kuna mwenzangu mdogo anachoma yake huko saa ile ile. Lakini jina tulilogawana halikuingia mpaka kwenye damu. Tumeshika ugonjwa mmoja, kila mmoja na walinzi wake. Mkinipima mimi ili mjue yeye anahitaji nini, mtamkosa, na mkimpima yeye ili mjue hali yangu mtanililia bure.

Nakuambia na hili ili usidhani nakuficha kitu. Daktari hakusema kila mtoto yuko hivi na kila mtu mzima yuko vile. Alisema watu hutofautiana, wapo watu wazima ambao kwao huja kwa kasi, na wataalamu bado wanachunguza kwa nini walinzi wa mtoto wanakuwa wengi namna ile. Pia alinivuta pembeni akaniambia nisijivunie saba yangu. Vishamba vyangu navyo vinaliwa, polepole tu. Itapanda. Hajui lini.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayokuomba, na naomba uyafuate kama ulivyofuata lile daftari.

Asubuhi kabla ya uji, mpime. Andika namba. Vuta kumi na tatu, inua bomba la sindano kwenye mwanga wa dirisha, mwambie Yunisi mdogo asome mstari kwa sauti, anajua kuhesabu vizuri sasa. Mkisema namba moja wote wawili, mchome, kisha ale. Usimchome halafu ukaenda kuangalia kuku, chakula kiwe tayari mezani. Jioni saba, vivyo hivyo. Ile chupa iendelee kukaa kwenye mtungi wa mchanga uliolowanishwa, kivulini, kama ulivyokuwa unafanya. Daktari alipousikia huo mtungi alisema umefanya vizuri.

Kuhusu kushuka kwa sukari, hofu yako ni ya haki na sikuambii uiache. Lakini sukari ikishuka utaiona: atatetemeka, atatoka jasho, atakuwa mkali bila sababu, na wewe unajua la kufanya, ulishawahi kumrudisha kwa kidole chako. Awe na pakiti ya glukosi mfukoni mwa sare, na nyingine kwa mwalimu wake. Akitaka kukimbia mbio za shule ale kitu kwanza. Insulini ikipungua, hiyo huioni. Inamla kimyakimya siku nyingi, na sote tunadhani ni minyoo. Ukiona vipimo vya asubuhi viko chini siku mbili mfululizo, usipunguze mwenyewe. Mtume Stefano pale kwenye kilima penye mtandao apige simu kliniki Kilosa, wao ndio wapunguze. Hata mimi usiniulize. Nimekwisha kuonyesha ninavyoweza kukosea.

Madaftari nimeyabadilisha. Lake halitasafiri tena kwenye mkoba wangu. Dereva analo, limo kwenye bahasha ya pili. Nimelifunika kwa kitambaa cha maua ili hata mkono uligundue, na juu nimeandika YUNISI STEFANO, MIAKA 8, LUMUMA. Langu, lile lenye karatasi ya kalenda, mpe dereva arudi nalo. Usilifungue hata kidogo kabla ya kumpa.

Stefano alisema pia kwamba umefikia kutaka mtoto aletwe huku kwangu Mikumi, akae nami, kwa sababu huuamini tena mkono wako. Nililipima jambo hilo siku mbili. Nyumba ipo, shule iko karibu, na friji ipo. Ningekuwa na furaha ya kuamka na mtu. Lakini mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jua likizama, na nani atamwona akitetemeka saa nne? Na kuna jambo ambalo Stefano hakuliona kwa sababu wanaume hawaangalii hapo. Pasaka nilikuona ukimchoma. Ulikuwa unamsimulia habari ya yule jogoo wa jirani anayepanda juu ya paa la kanisa, ukabana ngozi ya tumbo, na ulipomaliza alikuuliza, "Bibi, hujaanza tu?" Mimi nachoma mwenyewe mwaka wa pili sasa na kila asubuhi nakunja uso. Hata nesi wa huku hana mkono kama huo.

Kwa hiyo simchukui. Abaki kwako. Nimeomba ruhusa ya siku nne na nimepewa, nitafika Ijumaa ijayo kwa gari la kupitia Kilosa kama barabara ya mlimani haijakatika. Siji kukukagua. Nakuja unifundishe unavyobana na unavyoshika bomba, taratibu, mpaka nijue. Namba yangu itapanda, daktari amekwisha kusema, na siku itakapofika kumi na tatu sitaki inikute bado nakunja uso.

Nisalimie Stefano, mwambie mgongo uliombeba mtoto kwenye ile barabara namshukuru, na kwamba alipiga simu vizuri. Msalimie wifi yangu Lea na wale mapacha wake, mwambie asione aibu kwamba magoti yanamlegea akiona sindano, hata Shabani hutoka jikoni nikichoma. Mjomba Zakayo mlinda mfereji wa maji mpe shikamoo yangu. Kwa Yunisi mdogo nimeweka daftari la kuchorea na penseli mbili ndani ya bahasha, mwambie zimetoka kwa shangazi yake, na umbusu pale juu ya paji.

Leo nimekuandikia mengi kuliko nilivyowahi, na mkono umechoka kwa njia nzuri. Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako.

Nakungoja uniambie Ijumaa, ana kwa ana, umevuta ngapi.

Mwanao,
Yunisi, wa mashuka